Jumba la Portman Square: nyumba ya fahari iliyogeuzwa chuo, na siku chuo kilipoihama

Kisa kinachohusika

Nyumba nyingi za fahari zilizojengwa na matajiri wa Uingereza katika karne ya 18 zimepitia mikono mingi. Baadhi zilivunjwa, nyingine zikawa ofisi, na chache zikawa shule. Kisa hiki ni cha nyumba moja, namba 20 Portman Square, London, ijulikanayo kwa jina la Home House. Mwaka 1932 iligeuzwa kuwa chuo cha historia ya sanaa, Courtauld Institute of Art, na kwa miaka 57 wanafunzi walipanda ngazi zake kwenda darasani. Kisha chuo kikahama, na nyumba ikabaki tupu.

Nakiandika kwa ajili ya wale wenye jengo la zamani mikononi mwao wanaojiuliza kama kulifanya shule ndiyo njia ya kuliokoa. Majina ya walimu wa kawaida, wanafunzi na wafanyakazi nimeyaacha. Waliotajwa ni watu wa historia ya wazi tu.

Usuli: nyumba na mwenye nyumba

Miaka ya 1760 ukoo wa Portman, uliokuwa na ardhi kubwa magharibi mwa London, ulianza kupima viwanja kuzunguka uwanja mmoja wa mraba. Ardhi ilibaki mali ya ukoo, na wajenzi walipewa hati za upangaji wa miaka mingi. Msomaji alishike jambo hili la ardhi kubaki kwa mwingine, kwa sababu ndilo litakaloamua mwisho wa kisa.

Aliyejenga namba 20 alikuwa bibi mjane mwenye umri unaokaribia miaka 70, Elizabeth, Countess of Home. Countess ni cheo cha mke wa Earl, mmoja wa makabaila wa Uingereza. Jina Home hapa halihusiani na neno la Kiingereza lenye maana ya nyumbani. Ni la ukoo wa Uskoti, na kwa desturi hutamkwa "Hyum". Elizabeth alizaliwa Jamaika, binti wa familia ya Gibbons iliyomiliki mashamba ya miwa. Mume wake wa kwanza, James Lawes, alikuwa mtoto wa aliyewahi kuwa gavana wa kisiwa hicho. Mume wa pili, Earl wa nane wa Home, alimwoa mwaka 1742, akamtelekeza baada ya muda mfupi na kumwachia cheo. Mali ilikuwa ya bibi mwenyewe, nayo ilitoka kwenye sukari, na sukari ililimwa na kupikwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Kila kipande cha marumaru katika nyumba hii kililipiwa na jasho lao.

Kwa nini mwanamke mzee asiye na watoto ajenge nyumba kubwa ya karamu? Sababu mojawapo inaonekana ni undugu wa ndoa. Mwaka 1771 mdogo wake Mfalme George wa Tatu, Duke of Cumberland, alimwoa Anne Horton bila ridhaa ya mfalme. Anne alikuwa mjukuu wa yule gavana Lawes, kwa hiyo bibi wa Portman Square alikuwa mke wa mjomba wake. Mfalme alikasirika, na mwaka 1772 bunge likatunga sheria ya kudhibiti ndoa za familia ya kifalme. Wenzi hao walihitaji nyumba ya kuwapokea kwa heshima mjini, na picha zao zilizochorwa na Gainsborough zilitundikwa katika nyumba ya bibi.

Mbunifu wa kwanza alikuwa James Wyatt, kijana aliyekuwa akisifiwa kila kona ya mji. Aliachishwa kazi njiani, na mwaka 1775 akaitwa Robert Adam. Adam alikuwa ameishi Italia miaka kadhaa na kupima magofu ya kasri la mfalme wa Kirumi Diocletian kule Split mwaka 1757. Alirudi na lugha yake mwenyewe ya mapambo: lipu nyembamba iliyofinyangwa kuwa maua na majani, rangi laini, vijichoro vya miungu ya kale. Alikuta kuta za Wyatt zimekwisha kusimama, akazigeuza kwa ndani. Mwaka 1776 kazi kubwa ilikuwa imekamilika.

Anayeitazama kutoka barabarani haoni ajabu yoyote, ila ukuta wa matofali na madirisha yaliyopangwa kwa adabu. Ajabu iko ndani. Ukivuka ukumbi wa mbele unafika kwenye kisima cha ngazi, cha mviringo, kinachopanda hadi paa. Ngazi inaanza kama mkondo mmoja, inagawanyika kuwa miwili inayokumbatia ukuta wa duara, na juu kabisa kuna kuba la kioo linalomwaga mwanga wa mchana hadi sakafuni. Vyumba vya ghorofa ya kwanza vimefungamana, kutoka chumba cha muziki hadi sebule kubwa na vile vya nyuma, ili wageni wazunguke na kurudi walikoanzia bila kupita njia moja mara mbili. Ni nyumba iliyobuniwa kwa mwendo wa umati wa watu waliovaa vizuri usiku mmoja.

Bibi aliifurahia kwa miaka michache tu, akafariki mwaka 1784. Baada yake walipita wapangaji wengi wenye vyeo. Sitakaa hapo, maana hawakubadili mambo makubwa.

Mazingira ya miaka ya 1920

Uamuzi wa 1932 haueleweki bila kujua London ilikuwa ikifanya nini wakati ule. Kodi za mirathi zilikuwa zimepanda, watumishi wa majumbani walikuwa adimu baada ya vita vya 1914–1918, na kiwanja kilikuwa na bei kubwa kuliko nyumba iliyokaa juu yake. Devonshire House ilivunjwa mwaka 1924 na Dorchester House mwaka 1929. Chesterfield House na Norfolk House zilifuata kabla ya vita vya pili.

Kinachouma zaidi ni Lansdowne House, kazi nyingine ya Robert Adam. Sehemu yake ya mbele ilikatwa kupisha barabara, na vyumba viwili vikang'olewa na kuvushwa bahari. Sebule iko katika jumba la makumbusho la Philadelphia, na chumba cha kulia kiko New York. Hata Adelphi, ule mtaa mzima ambao Adam na ndugu zake waliujenga kando ya mto Thames, ulivunjwa kwa sehemu kubwa mwaka 1936.

Katika hali hiyo, nyumba ya Adam iliyobaki mzima ilikuwa kama mti uliosimama baada ya moto kupita.

Mfuatano wa matukio

Kati ya 1926 na 1927 nyumba ilichukuliwa kwa upangaji na Samuel Courtauld na mkewe, aliyeitwa Elizabeth kama yule bibi wa kwanza. Courtauld aliongoza kampuni ya familia iliyotajirika kwa rayoni, nyuzi za viwandani zilizoshindana na hariri. Alipenda wachoraji wa Ufaransa wakati Waingereza wengi bado waliwadharau, na mwaka 1923 alikuwa ametoa paundi 50,000 ili majumba ya sanaa ya taifa yanunue picha zao. Zile alizojinunulia alizitundika Portman Square. Chini ya dari za Adam zikakaa kazi za Cézanne, Renoir na Manet, ikiwemo ile ya mhudumu wa baa ya Folies-Bergère aliyesimama mbele ya kioo.

Wakati huohuo watu wengine wawili walikuwa na wazo la chuo. Lord Lee of Fareham alisikitika kwamba Uingereza, yenye picha nyingi kiasi kile, haikuwa na chuo hata kimoja cha kufundisha historia ya sanaa kama taaluma kamili. Sir Robert Witt, mwanasheria, alikuwa amekusanya picha za nakala za michoro kwa maelfu mengi. Courtauld akaongeza fedha.

Desemba 1931 Elizabeth Courtauld alifariki. Mumewe hakutaka tena kuishi katika nyumba ile. Aliitoa, pamoja na sehemu kubwa ya picha zake, kwa ajili ya chuo kipya chini ya Chuo Kikuu cha London, iwe kumbukumbu ya mkewe. Oktoba 1932 wanafunzi wa kwanza waliingia. Miezi kumi tu ilikuwa imepita tangu msiba.

Uamuzi na sababu zake

Hapa panahitaji kutazamwa polepole, kwa sababu uamuzi ulikuwa wa ukarimu na wa haraka kwa pamoja.

Sababu za kuichagua nyumba zilikuwa za kweli. Chuo kisicho na jengo hakina mwanzo, na jengo lilikuwepo. Picha zilikuwa tayari ukutani. Mwanafunzi angejifunza mbele ya rangi yenyewe badala ya nakala ya kijivu kitabuni, na akichoka na picha angeinua kichwa atazame dari ya Adam. Hakuna fedha ambayo ingejenga darasa la namna hiyo. Na nyumba yenyewe ingeokoka, maana jengo lenye watu na kazi halivunjwi kirahisi.

Lakini tazama kitu kilichotolewa hasa. Courtauld hakuwa mwenye ardhi. Alikuwa mpangaji wa ukoo wa Portman, na alichoweza kutoa ni haki ya upangaji, yenye mwanzo na mwisho.

Mezani palikuwa na mtu aliyejua njia nyingine. Lord Lee ndiye aliyelizawadia taifa jumba la Chequers, makao ya mapumziko ya mawaziri wakuu hadi leo. Hakutoa funguo tu. Mwaka 1917 bunge lilitunga sheria maalumu iliyoeleza nani angetumia jumba, nani angelisimamia na fedha za matunzo zingetoka wapi, na mwaka 1921 akakabidhi. Alikuwa mmiliki kamili, kwa hiyo aliweza kulifunga jumba lake na kazi yake milele. Portman Square haikuwezekana kufanyiwa hivyo. Nyumba na chuo viliunganishwa kwa mapenzi ya mtu mmoja na hati ya muda, na kwa maoni yangu hapo ndipo mbegu ya matatizo ilipopandwa, ingawa hakuna aliyekosea kwa nia mbaya.

Miaka 57 ya darasa

Chuo kilikua. Kuanzia 1933 kilipata jirani wa thamani pale maktaba ya Warburg, ya historia ya sanaa na utamaduni, ilipokimbizwa kutoka Hamburg kuja London baada ya Wanazi kushika madaraka. Wasomi waliokimbia Ujerumani na Austria walileta mbinu ambazo Uingereza haikuwa nazo. Nyumba ilinusurika mabomu ya vita. Jirani yake katika kona ya uwanja, Montagu House, iliyojengwa na bibi mwingine maarufu wa karne ya 18, iliteketea mwaka 1941.

Baada ya vita, chini ya Anthony Blunt aliyeongoza kuanzia 1947 hadi 1974, chuo kilifikia sifa ambayo ilivuka mipaka ya nchi. Blunt aliishi katika fleti ndani ya jengo. Novemba 1979 ilitangazwa bungeni kwamba aliwahi kuwa jasusi wa Urusi ya Kisovieti. Habari hiyo ilizima mengine yote yaliyosemwa juu ya nyumba hii kwa miaka mingi, nami siirudii. Kwa uchambuzi wetu kinachohusu ni kwamba mkuu wa chuo alilala, alikula na alifundisha chini ya paa moja na wanafunzi wake, na hilo liliwezekana kwa kuwa jengo lilikuwa nyumba.

Tatizo lilikuwa kuta. Chuo cha historia ya sanaa hula nafasi kuliko vyuo vingi, kwa sababu chombo chake cha kazi ni picha. Masanduku ya picha za majengo na sanamu, nakala za michoro, vitabu vikubwa na slaidi viliongezeka kila mwaka. Darasa la slaidi linataka giza, na vyumba vya Adam vilibuniwa kwa madirisha marefu na mishumaa. Rafu za vitabu zinataka ukuta mtupu na sakafu imara, lakini kuta za Adam zimepambwa kuanzia chini hadi juu na sakafu zake zilikusudiwa kubeba wacheza dansi. Wala huwezi kukigawa chumba cha namna hiyo kwa ubao katikati ili upate ofisi mbili. Ukifanya hivyo umekiua.

Kwa hiyo walimu na vitabu vyao walibanwa kwenye vyumba vidogo, vile vikubwa vikaachwa vipumue. Nauona huo kuwa uungwana mkubwa wa walimu wa pale: walivumilia dhiki wao wenyewe ili dari isiumie.

Mwaka 1958 pigo la kwanza lilitua. Picha zilipelekwa kwenye jumba jipya la maonyesho Woburn Square, mtaa wa Bloomsbury, jirani na Warburg. Umma ulipata pa kuziona vizuri zaidi, na hilo ni jema. Ila tangu siku ile darasa lilikuwa Portman Square na somo lilikuwa Bloomsbury. Miaka 31 mwalimu aliyetaka kuonyesha mkono wa Cézanne alilazimika kuwavusha wanafunzi wake mji.

Kuhama

Zawadi ziliendelea kumiminika Woburn Square. Mwaka 1966 zilikuja kazi za ukoo wa Gambier-Parry, na mwaka 1978 wasia wa Count Antoine Seilern, wenye picha za Rubens kwa wingi. Mahali hapakutosha tena.

Uamuzi ulikuwa kuviunganisha tena chuo na picha mahali pamoja, na mahali palipopatikana ni upande wa kaskazini wa Somerset House, kando ya barabara ya Strand. Mwaka 1989 chuo kiliondoka Portman Square. Mwaka 1990 picha zilifunguliwa kwa umma katika makao mapya.

Uchaguzi huo una jambo linalonigusa kila nikilifikiria. Somerset House ilibuniwa na Sir William Chambers, na ujenzi wake ulianza 1776, mwaka uleule Adam alipomaliza namba 20. Chambers na Adam walikuwa mahasimu. Wote wawili waliteuliwa pamoja mwaka 1761 kuwa wabunifu wa mfalme, na Chambers alidharau mapambo ya Adam waziwazi. Chuo kilichokulia chini ya dari ya mmoja kilihamia chini ya paa la mwingine. Tofauti ni kwamba vyumba vile vya Strand tangu mwanzo vilikuwa vya shule: mwaka 1780 Royal Academy, chuo cha sanaa cha kifalme, ilianza kufundishia na kufanyia maonyesho yake humo. Na jengo lilikuwa la taifa, si la mpangaji.

Hali ya nyumba baada ya hapo

Namba 20 ilibaki tupu. Nyumba tupu London hairuhusu mzaha: bomba likipasuka wakati wa baridi hakuna wa kuliona, mfereji wa paa ukiziba maji hutafuta njia, na lipu ya miaka 200 ikishaloa hulegea na kuanguka. Ulinzi wa kisheria ilikuwa nao, tena wa daraja la juu kabisa katika orodha ya majengo ya Uingereza. Lakini sheria inakataza kubomoa, haizibi paa. Mwaka 1996 nyumba ilitajwa na World Monuments Fund, shirika la kimataifa la uhifadhi, katika orodha yake ya maeneo 100 yaliyo hatarini duniani, pamoja na mahekalu na miji ya kale.

Waliokuja kuiokoa hawakuwa walimu. Wafanyabiashara waliikarabati, na mwaka 1998 ikafunguliwa kama klabu ya wanachama wanaolipa ada. Imesimama, inapakwa rangi, inapashwa joto. Ngazi ya Adam inapandwa kila siku, na karamu zimerudi katika vyumba vilivyobuniwa kwa karamu. Mlango, hata hivyo, ni wa wanachama.

Uchambuzi

Nianze na lililofaulu kwa hakika: kuigeuza nyumba kuwa chuo kuliiokoa katika miongo iliyokuwa ya hatari zaidi. Ukiweka Home House kando ya Lansdowne House, jibu halina ubishi. Nyumba mbili za mbunifu mmoja, katika mji mmoja, miaka ileile. Moja ilipata kazi ikabaki nzima, nyingine ilikatwakatwa na vyumba vyake sasa vinatazamwa Marekani.

La pili, jengo lilikuwa mwalimu. Mwanafunzi aliyepita chini ya lile kuba kwa miaka mitatu alijifunza mwanga, uwiano na mwendo wa mwili ndani ya jengo bila kuambiwa. Hilo haliingii kwenye bajeti ya yeyote, na kwa hiyo husahaulika mambo yanapopimwa kwa mita za mraba.

Lililoshindikana kwanza ni kutenganisha maswali mawili. Mwaka 1932 liliulizwa: chuo kitakaa wapi? Halikupewa uzito sawa swali la pili: siku chuo kitakapozidi nyumba, nani ataitunza nyumba? Chuo chenye afya hukua, na jumba la Adam halikui. Kwa hiyo kuhama hakukuwa ajali, kulikuwa jambo la kutarajiwa tangu siku ya kwanza. Ile miaka ya utupu baada ya 1989 ndiyo gharama ya swali lililoachwa. Anayepokea jengo la namna hii leo aandike, kabla ya kupaka rangi darasa la kwanza, ni nani atashika funguo darasa la mwisho likiondoka, na fedha ya paa itatoka mfuko gani.

La pili ni kuondoa picha mwaka 1958. Najua sababu zake, na pengine nami ningeamua vivyo hivyo. Lakini nguvu ya wazo la Courtauld ilikuwa picha, walimu na nyumba vikae mahali pamoja. Kimoja kilipoondoka, hoja ya kubaki Portman Square ilipungua nusu, na kuanzia hapo lilikuwa suala la muda.

Kuna jambo la tatu ambalo wachambuzi wengi wa majengo hulipita haraka. Jina lililo mlangoni ni la cheo cha mume aliyemtoroka mkewe. Jina lililobaki kwenye chuo ni la mtu wa rayoni. Waliokata miwa Jamaika hawana jina mahali popote katika lile jengo. Kwa miaka 57 nyumba hii ilitumika kufundisha watu kutazama kwa makini, na anayefundisha dari ya Adam leo bila kutaja miwa anamfundisha mwanafunzi kutazama nusu ya dari. Hati za mashamba zipo, na ukoo wa Gibbons na wa Lawes unaweza kufuatiliwa katika kumbukumbu za kisiwa. Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya klabu, na inaweza kuanza Somerset House, ambako picha ya yule mhudumu wa baa iko leo.